Shingo imegoma baada ya ajali: namna ya kuirudisha taratibu na kwanini usikubali inyongwe

Mmegongwa kwa nyuma mkiwa mmesimama mnashusha abiria, au dereva wa Noah kafunga breki ghafla ng'ombe wamekatiza njia ya Kasulu, au boda imeruka tuta ambalo halina alama na wewe umekaa nyuma kichwa kikarushwa mbele na nyuma. Hujatoka damu, hujavunjika popote, umejipangusa vumbi umeenda zako nyumbani unashukuru Mungu. Usiku shingo inaanza kukaza, asubuhi unataka kugeuka umuite mtoto unajikuta unageuka mwili mzima. Hiyo ndo inaitwa wiplashi, na mara nyingi inachelewa hivo hivo, maumivu yanakuja baada ya masaa kadhaa au kesho yake, kwaiyo usianze kusema kuna kitu kingine kimekuingia.

Mimi nafanya kazi ya mazoezi tiba hapa Kigoma na shingo za ajali nazionea huruma sana, kwasababu nyingi zingepona vizuri kama mtu angeelezwa mambo machache wiki ya kwanza, badala yake mmoja anafunga kola ya shingo miezi miwili, mwingine anaenda kunyongwa shingo saluni, yani kuzungushwa ghafla mpaka ilie, mwingine anakunywa diklofenaki ya maumivu kila siku mpaka tumbo linaharibika. Wote hao mwaka ukiisha bado hawawezi kuangalia nyuma wakivuka barabara.

Elewa kwanza kilichotokea. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 4 na nusu mpaka 5, kimebebwa na pingili 7 tu za shingo. Gari likigongwa kwa nyuma siti inausukuma mgongo wako mbele lakini kichwa kinabaki, shingo inajikunja umbo la herufi S, yani pingili za chini zinaenda nyuma wakati za juu bado zimeinama mbele, afu ndo kichwa kinarushwa. Yote hayo chini ya nusu sekunde, misuli inakuja kujikaza mambo yameshaisha. Vinavyoumia ni viungio vidogo vya nyuma ya pingili, kano zinazoshika mfupa na mfupa, misuli yenyewe, na vihisio vilivyomo ndani ya misuli na viungio ambavyo kazi yake ni kuupa ubongo taarifa kichwa kimeelekea wapi. Hivi vihisio nitavirudia huko mbele maana ndo watu wengi wanavisahau. Na haihitaji spidi kubwa, hata gari ndogo iliyogongwa kwenye foleni inaweza.

Sasa kabla hujafanya zoezi lolote hakikisha sio shingo iliyovunjika. Hapa usifanye mchezo hata kidogo. Ganzi au kuchomachoma kwenye mikono au miguu, mkono kukosa nguvu, kutembea unayumba, kushindwa kuzuia mkojo au haja, maumivu makali katikati kabisa ya mfupa wa shingo ukigusa, alipoteza fahamu, au alikuwa amelewa kwaiyo hata maumivu yake hayaaminiki: hospitali. Kuna kanuni ya madaktari wa Kanada ya mwaka 2001 ambayo inatumika nchi nyingi kuamua nani apigwe picha, inasema mwenye miaka 65 na kuendelea, aliyeanguka kutoka urefu wa mita 1 au zaidi (mpanda michikichi na mpanda miembe mnanisikia), aliyekuwa kwenye gari lililopinduka au akarushwa nje, aliyepata ajali ya baiskeli, mwenye ganzi, wote hao picha kwanza. Mimi naongeza na aliyerushwa na boda. Ambaye hana hata kimoja, na daktari akamkagua akaona ni salama kujaribu, anaambiwa ageuze shingo mwenyewe kushoto na kulia nyuzi 45, yani nusu ya njia kati ya kuangalia mbele na kuangalia bega. Akishindwa, naye picha.

Mtu wa namna hiyo msimbebe mshikaki kwenye pikipiki, jamani, nimeshaona mgonjwa kawekwa katikati ya watu wawili kichwa kinaning'inia. Mlaze chali kwenye kitu kigumu na kilichonyooka, ubao au mlango, mmoja akae kichwani ashike kichwa pande zote mbili kisigeuke, tafuteni gari ambalo anaweza kulala. Kigoma hospitali ya mkoa ni Maweni, Tabora ni Kitete. Ajali ya barabarani inataka PF3 kutoka polisi, ila mwenye dalili za hatari anawahishwa kwanza na ndugu mmoja ndo anaenda kuhangaikia fomu. Hata kama unajiona umeumia kidogo chukua hiyo PF3, mambo ya bima ya gari baadae hayaendi bila karatasi.

Na kuna dalili nyingine zinaweza kuja siku au wiki kadhaa baadae: kichwa au shingo kuuma ghafla vikali kwa namna ambayo hujawahi kuisikia, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, uso kulegea upande mmoja, kuyumba. Hapo inawezekana mshipa wa damu wa shingo umechanika kwa ndani, unaweza kuleta kiharusi, usisubiri kesho.

Umepigwa eksirei umeambiwa haina kitu. Watu wengi wanavunjika moyo hapo, na ndugu nyumbani wanaanza kumuona anajifanya. Eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi misuli wala kano wala vile viungio vidogo vilivyovimba, kwaiyo picha safi maana yake ni habari njema kwamba hujavunjika, haimaanishi huumwi. Mwaka 1995 jopo la wataalamu kule Quebec Kanada liligawa majeraha haya kwa madaraja: la 1 shingo inauma na kukaza tu, la 2 inauma na ukipimwa kweli haigeuki vizuri au ina sehemu zinauma ukibonyeza, la 3 kuna dalili za neva kama ganzi au mkono kukosa nguvu, la 4 mfupa umevunjika au umehama. Haya ninayoandika ni ya daraja la 1 na la 2. La 3 fanya chini ya uangalizi, la 4 usiguse kabisa.

Siku za mwanzo lengo ni maumivu yapungue ili uweze kuitembeza shingo. Parasetamo inatosha kwa wengi, mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, unaweza kurudia kila baada ya masaa 6, visizidi 8 kwa siku nzima, na angalia isije ikawa dawa ya mafua uliyochanganya nayo ina parasetamo ndani. Mwenye ini bovu au mwili mdogo sana aulize kwanza. Aibuprofeni na diklofenaki zinasaidia ila mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo, presha, moyo, mjamzito, asijinunulie tu dukani, na hata mzima sio kitu cha kunywa wiki na wiki. Kukanda na kitambaa cha maji ya moto sawa, barafu sawa, chagua kinachokutuliza, dakika 15 hivi, na kitambaa kisikuunguze. Kuchuliwa taratibu na mama mwenye mkono mwepesi na mafuta ya mawese ni sawa pia kama inakupa nafuu, kuchua misuli sio shida.

Shida ni kunyongwa. Kinyozi anamaliza kukunyoa, anakushika kidevu, anakizungusha ghafla mpaka shingo inalia ko! na unasikia raha dakika mbili. Usikubali, na baada ya ajali ndo usikubali kabisa. Kuna mishipa ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo imepita ndani ya matundu ya pingili za shingo, ukizungusha ghafla shingo ambayo tayari imejeruhiwa unaweza kuichana. Mwambie kaka nyoa tu, shingo niachie.

Kola nayo. Kwa shingo ambayo haijavunjika kola haiponyeshi, inafanya misuli isahau kazi na viungio vikaze zaidi. Kama daktari hajasema kuna mfupa uliovunjika au neva iliyoumia, iache, au kama maumivu ni makali sana ivae muda mfupi siku mbili tatu za kwanza na uivue mara kwa mara utembeze shingo. Kulala: chali au ubavu, mto mmoja, khanga iliyokunjwa ukaiweka pale kwenye uwazi wa shingo, usilale kifudifudi maana hapo shingo inakaa imegeuka usiku kucha.

Mazoezi yenyewe sasa. Anza mapema, siku ya kwanza au ya pili ukishajua ni salama. Kaa kwenye stuli miguu imegusa chini, mabega achia, geuza uso kushoto pole pole mpaka pale unaposikia inavuta, usifike pale unapokunja sura, vuta pumzi moja, rudi katikati, nenda kulia. Mara 10. Afu sikio lielekee begani bila bega kupanda, kushoto na kulia. Afu kidevu kishuke kifuani na kirudi uangalie juu kiasi. Rudia kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho, dakika 2 tu zinaisha, mara nyingi kidogo kidogo inashinda kuamka asubuhi ukaivuta nusu saa kwa hasira. Kama kukaa kunauma sana lala chali kichwa kiko kwenye mto na ugeuze hivo hivo, mto unakubebea uzito. Shingo nzima inageuka kama nyuzi 80 kila upande na karibu nusu ya hizo zinatoka kwenye pingili mbili tu za juu kabisa, ndo maana mtu anaweza kuwa anaumwa chini karibu na mabega lakini kinachomzuia kugeuka kiko juu chini ya fuvu.

Kupima maendeleo tumia ukuta. Kaa stuli hapo hapo kila jumapili, geuka, mwambie mtoto achore chaki pale jicho lako linapofika. Mimi napenda hii kuliko kumuuliza mtu inauma kiasi gani, maana maumivu yanapanda na kushuka kila siku na yanakatisha tamaa, lakini alama za chaki zinasogea na mtu anaona kwa macho yake kwamba shingo inarudi.

Kuhusu maumivu wakati wa zoezi kanuni yangu ni hii: ikiuma kidogo zaidi na ikatulia ndani ya lisaa au mpaka jioni, endelea, hujaharibu kitu. Ikiamka kesho yake bado imewaka, umezidisha, punguza nusu. Punguza, usiache.

Wiki ya pili hivi, au maumivu yakishuka, ongeza nguvu. Kuna misuli ya ndani kabisa mbele ya pingili, nyuma ya koo, ambayo baada ya ajali inalala usingizi na ile ya nje inafanya kazi isiyo yake, hiyo ndo ile hali ya mtu kuwa amekaza shingo siku nzima. Kuiamsha lala chali, magoti umekunja, kitambaa chembamba chini ya kichwa, itikia ndiyo kidogo sana, kidevu kisogee kuelekea kooni bila kichwa kunyanyuka, shikilia sekunde 5 mpaka 10, achia, mara 10, asubuhi na jioni. Weka vidole pembeni ya koo, ukiona kamba za misuli zimesimama umetumia nguvu sana, punguza. Zoezi linaonekana la kitoto na watu wananiambia hivo hivo usoni, lakini wanaolishika wiki 6 ndo wananiletea shingo zinazogeuka. Ongeza na kuvuta mabega nyuma na chini sekunde 5, na baadae kuweka kiganja kwenye paji la uso ukasukuma kichwa kidogo na mkono ukazuia kisisogee, afu nyuma, afu pembeni, nguvu kidogo tu kama robo ya uwezo wako.

Sasa vile vihisio. Kuna mtu maumivu yameisha kabisa lakini akigeuka haraka dunia inazunguka kidogo, akisoma maandishi yanachezacheza, akitembea gizani anajishika ukuta. Anadhani ana presha au upungufu wa damu, anapimwa hana. Mara nyingi ni kwamba shingo inapeleka taarifa zisizo sahihi na zinagongana na za macho na za masikio. Hii inafundishika upya. Chukua tochi ya kufunga kichwani, zile wanazotumia wavuvi wa dagaa, kila nyumba Kibirizi na Ujiji haikosi. Kaa sentimita 90 kutoka ukutani, angalia mbele, weka alama pale mwanga unapopiga. Funga macho, geuza kichwa upande mpaka mwisho, rudisha pale unapodhani ni katikati, fungua macho. Ukirudia na mara nyingi mwanga unakosa alama kwa zaidi ya sentimita 7 hivi, uongozaji wa shingo bado. Fanya hivo hivo kama zoezi, mara kadhaa kila upande, na baadae chora nane kubwa ukutani na chaki uifuatishe kwa mwanga pole pole. Vijana wanalipenda hili wanashindana na wadogo zao.

Jingine, nyoosha dole gumba mbele yako, macho yabaki kwenye dole, kichwa ndo kigeuke kushoto kulia, nusu dakika. Afu simama karibu na ukuta mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kimegusa vidole, ukizoea geuza na kichwa. Kizunguzungu kidogo kinachoisha ndani ya dakika chache kinaruhusiwa. Ila kama kizunguzungu ni kile cha chumba kuzunguka sekunde chache kila ukijigeuza kitandani, hicho huenda ni cha sikio la ndani, ajali inaweza kukileta, na kina namna yake ya kulazwa na kugeuzwa kichwa na mtaalamu kikaisha, kwaiyo kaseme.

Kurudi kwenye kazi. Hapa ndo pagumu kwetu maana ushauri mwingi umeandikwa kwa watu wa ofisi na kompyuta. Dada yangu, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na ushee, mara nne ya kichwa chako, inashuka moja kwa moja kwenye pingili. Wiki za mwanzo usibebe kichwani kabisa, tumia toroli, baiskeli, au madumu ya lita 5 mawili kila mkono moja ili mabega yalingane. Ukishaweza kugeuka pande zote karibu sawa na zoezi la kuitikia linashikika sekunde 10 mara 10 bila shida, anza na kandoo ka lita 5 njia fupi ya tambarare, ukae wiki, uone, uongeze. Na hapa naomba akina baba na wakwe, yani msimwambie mama wa watu kwamba picha ilikuwa safi kwaiyo achote maji. Mbebeeni mwezi mmoja, mtamnusuru mwaka mzima.

Dereva na wa boda usirudi barabarani mpaka uweze kuangalia juu ya bega bila kugeuza kiuno, hii ni usalama wa wengine pia. Mkulima, jembe linarudi kwa vipande, nusu saa na kupumzika, huku Tabora wale wa tumbaku kushusha majani kutoka kwenye bani, lile banda la kukaushia, mikono ikiwa juu na kichwa kimeangalia juu ndo kazi ya mwisho kurudia. Fundi cherehani inua meza, pumzika kila nusu saa. Simu inua ifike usawa wa macho.

Safari ya kupona ni ndefu kiasi gani? Sehemu kubwa ya nafuu inakuja miezi 2 mpaka 3 ya mwanzo, baada ya hapo inaendelea lakini polepole. Tafiti zilizokusanywa zinaonyesha karibu nusu ya watu bado wanasikia kitu fulani shingoni baada ya mwaka, wengi wao ni kitu kidogo ambacho hakiwazuii kazi, wachache ndo wanabaki na shida kubwa. Walio kwenye hatari zaidi ni aliyekuwa na maumivu makali sana tangu mwanzo, asiyelala, na yule ambaye ajali haijatoka kichwani, anaiota, anatetemeka akisikia breki, hapandi gari tena. Hofu inakaza misuli kweli kweli na inamfanya mtu aache kuigusa shingo. Kama ni wewe, usijifungie, mwambie daktari na hilo pia, linatibika, na rudi kwenye gari kwa hatua, kwanza kaa tu ndani limezimwa, afu safari fupi ya hapa mjini, Mwanga mpaka Gungu, na mtu unayemuamini, afu mbele zaidi.

Wiki 6 zimepita na alama za chaki hazijasogea, nenda kamuone mtu wa fiziotherapia hospitali ya mkoa, na usisubiri mpaka ifike miezi 3. Siku mbaya zitakuja hata baada ya miezi ya uzima, baada ya msiba umelala mkekani, baada ya treni Tabora mpaka Kigoma umesinzia kichwa kimedondoka. Zikija rudi mazoezi ya wiki ya kwanza siku mbili tatu, parasetamo, moto, afu panda tena. Hiyo haimaanishi umeumia upya.

Na kwenye gari angalia siti. Kile kichwa cha siti kipandishe kifike usawa wa juu ya kichwa chako, sio shingoni, na kiwe karibu na kisogo, chini ya vidole vinne vya mkono. Kikikaa chini shingo inakunjikia juu yake. Siti za kati za Hiace nyingi hazina kabisa, kwaiyo kama bado unauguza tafuta yenye nacho hata kama ni kusubiri gari linalofuata, na konda akilalamika unachelewesha watu kwa kurekebisha siti mwambie sekunde kumi tu kaka, nina shingo.